Mtumbwi Usio na Samaki

Kwa wanasayansi, Namawala ni kijiji cha mbu. Watafiti wa malaria waliofanya kazi kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliandika kwamba mtu mmoja aling'atwa na mbu wenye vimelea mara mamia kwa mwaka, na tangu hapo jina la kijiji limesafiri katika vitabu ambavyo sisi wenyewe hatujavisoma. Kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Namawala ni mchele. Kwa wahifadhi, ni ukingo wa ardhioevu ya Bonde la Kilombero, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Nimesoma ripoti nyingi kuhusu bonde hili. Ndani yake nimemkuta mkulima, mvuvi, mgonjwa na mvamizi. Sijamkuta hata mara moja mtu wa Namawala anayestarehe.

Nasema hilo ni kosa, na si kosa dogo. Mahali ambapo mtu hatambuliwi kuwa na starehe, hatambuliwi kuwa na kwao. Anakuwa kibarua wa mahali hapo, na kibarua huondolewa kazi ikiisha.

Kuanzia Novemba hadi Oktoba nilifanya mambo mawili ambayo majirani waliyaona ya kipuuzi. La kwanza, kila Jumapili niliyoweza nilipiga kasia katika Mto Kilombero na mikono yake bila wavu wala ndoano. La pili, nilikwenda Ifakara kila niliposikia kuna watu watakaopiga gitaa kwa mikono yao mbele ya watu. Sikuwa na fedha za kuchezea. Mtumbwi ulikuwa wa mjomba wangu, nauli ilikuwa ya bodaboda, na soda moja niliinywa usiku kucha.

Siku ya kwanza mjomba aliniuliza, "Mpwa wangu, nyavu ziko wapi?"

"Leo sivui, mjomba. Natembea tu."

"Unatembea majini? Umemkosea nani nchi kavu?"

Alicheka, kisha akanionya nisikaribie matete ya ng'ambo, kwa kuwa kiboko mwenye mtoto alikuwa amelala hapo. Mwezi wa pili aliniambia nimsubiri. Alikaa mbele, mikono kifuani, mimi nikashika pondo. Mzee yule amefanya kazi mtoni zaidi ya miaka 40, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mtumbwini bila kushika kitu. Alianza kunitajia majina: mkono huu wa mto unaitwaje, ule ulihama mwaka gani, hapa kambale walikuwa wakizaliana kabla ya mpunga kufika. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwa nimeyasikia. Akiwa kazini hakuwa na nafasi ya kuyasema.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kazi humfundisha mtu mto unatoa nini. Starehe humfundisha mto ni nini. Tukibaki na la kwanza peke yake, siku samaki wakiisha hakuna atakayekuwa na sababu ya kuutetea.

Najua nitakayojibiwa, na jibu la kwanza ni hatari. Kilombero ina mamba na viboko, na Januari 2016 kivuko kilipinduka karibu na Ifakara kwa upepo na mvua. Watu walikufa. Miaka miwili baadaye daraja lilifunguliwa, na namshukuru kila aliyelijenga. Lakini daraja lina matokeo ambayo hatuyazungumzi: leo kijana wa Ifakara anaweza kuvuka kwenda Ulanga miaka yote bila kugusa maji. Mto umekuwa kitu cha kutazama kupitia dirisha la basi. Kizazi kisichojua maji hakiwi salama zaidi. Kikilazimika kuingia mtoni wakati wa mafuriko, kitakufa kwa urahisi zaidi. Dawa ya hatari ni kumfundisha mtoto kuogelea na kumvalisha jaketi la kuokolea. Kumfukuza majini si dawa.

Jibu la pili ni umaskini. "Wenye njaa hawana muda wa kutembea majini." Anayesema hivyo hajakaa Namawala mwezi wa Juni, mpunga unapoiva na watu wanahamia mashambani, wanakaa kwenye madungu wakifukuza kweleakwelea. Nilipita na mtumbwi asubuhi moja kwenye mkono wa mto ambao ulikuwa bado na maji. Kutoka dungu moja mwanamke alikuwa akiimba, sauti ndefu, inapanda na kukatika ghafla ili ndege washtuke. Kutoka dungu jingine, mbali sana, mwingine alimjibu. Ndege wangeweza kufukuzwa kwa debe na fimbo. Wale wanawake waliongeza muziki kwa sababu binadamu hawezi kuvumilia siku nzima ya debe na fimbo. Wahenga walisema kazi na dawa. Hawakusema dawa ni ya matajiri.

Na hapa naomba wapenzi wa blues wanisikilize, kwa sababu wengi hudhani muziki huo ulizaliwa baa. Mizizi yake imo katika sauti kama zile: miito ya watu weusi wakiwa kazini katika mashamba ya pamba, sehemu kubwa yake kwenye tambarare ya mto unaofurika kama wetu. Mwaka 1927 Mississippi ilipasua kingo zake na kufagia makazi ya watu maskini. Miaka miwili baadaye Charley Patton alirekodi wimbo kuhusu mafuriko hayo. McKinley Morganfield alikulia huko huko, akicheza kwenye matope hadi akabandikwa jina la Muddy Waters, yaani Maji ya Tope, kabla ya kuhamia Chicago mwaka 1943. Afrika Magharibi, Ali Farka Touré alipiga gitaa lake Niafunké, kando ya Mto Niger, na dunia ikalisikia kama ndugu wa blues. Sehemu zote hizo maskini waliishi kwenye maji ya tope. Hakuna aliyewaambia wasubiri kushiba kwanza ndipo wapige gitaa.

Ifakara haina bendi ya blues. Ina kitu kilicho karibu nayo kuliko tunavyokubali: dansi la mwendo wa polepole, gitaa la solo linalolalamika, mwimbaji anayemlilia mpenzi au marehemu. Mkoa wetu ulikuwa makao makuu ya muziki huo. Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa Morogoro. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikuwa Morogoro, na mwaka 1970 walipelekwa hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia. Na tukumbuke ni nani aliyekuwa akilipia dansi nchini. NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi. Jeshi lilikuwa na bendi. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, lakini ilielewa kwamba mfanyakazi ana jioni.

Mwaka wangu wa kufuata bendi ulikuwa mwaka wa kuhesabu milango iliyofungwa. Katika baa moja mjini nilimkuta mzee mpiga solo aliyekuwa na wenzake watatu, gitaa la besi limefungwa kwa waya. Walipiga kwa saa nne. Watu waliacha simu zao. Mama mmoja wa sokoni alisimama akacheza peke yake, polepole, macho yamefumbwa, na hakuna aliyemcheka. Nilipomwamkia mzee baada ya muziki na kumuuliza kuhusu malipo, alisema, "Mwanangu, kijana wa flashi analipwa zaidi yetu sote wanne. Yeye hatokwi jasho, sisi tunadai maji ya kunywa." Baada ya miezi mitatu baa ile iliacha bendi. Siwalaumu vijana wa flashi wala singeli yao. Nalaumu hesabu inayomwona mtu anayepiga chombo kuwa gharama na spika kuwa maendeleo. Usione vyaelea, vimeundwa: gitaa la mzee yule limeundwa kwa miaka 50, na hakuna anayejifunza kwake.

Jibu la tatu ndilo zito: uhifadhi. Sehemu kubwa ya bonde sasa ni Pori la Akiba la Kilombero, na mtu haingii pori la akiba bila kibali. Naelewa sababu zake. Sheshe wanapungua, mifugo na mashamba vimebana mto, na maji haya ndiyo yanayokutana na Luwegu kuwa Rufiji na kuendesha mitambo ya umeme ya nchi nzima. Lakini yafuateni maji hayo hayo mpaka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko mgeni hupakiwa kwenye boti, akaonyeshwa kiboko, na kuambiwa amefanya utalii. Mtoto wa Namawala akimtazama kiboko kutoka mtumbwini, swali la kwanza atakaloulizwa ni amekuja kuiba nini. Maji ni yale yale na kiboko ni yule yule. Tofauti ni kwamba mmoja ametambuliwa kuwa na macho ya kustarehe.

Kwa hiyo sidai huruma. Nadai mambo matatu. Mipango ya pori iweke njia za maji ambazo wanavijiji wa kandokando wataruhusiwa kupita na mitumbwi bila nyavu, siku zinazojulikana, wakiongozwa na wazee wanaoujua mto, kwa kibali ambacho mkulima anaweza kukimudu. Shule za bonde zifundishe kuogelea kama zinavyofundisha mpira. Na halmashauri zinapokodi muziki kwa sherehe za umma, zianze na bendi inayopiga laivu, zimlipe mpiga gitaa kama fundi na zimpe vijana wawili wa kuwafundisha.

Wako watakaosema haya ni mambo madogo mbele ya malaria, ardhi na bei ya mpunga. Nawauliza: mnataka kuwaponya watu hawa malaria ili wafanye nini? Kama jibu lenu ni kulima zaidi tu, basi mmewahesabu kama mbu mnaowahesabu. Mimi nataka wapone ili Jumapili waweze kukaa mtumbwini, mikono kifuani, wakiutaja mto kwa majina yake.