Wasijifunzie Makosa Yao Juu ya Mwili wa Mgonjwa

FIKRA ZA JUMA
Na Abdalla Mwinyimkuu

Mnamo Februari 1934, serikali ya Marekani ilipolikabidhi jeshi lake kazi ya kuchukua barua kwa ndege, marubani waliozoea kuruka mchana katika anga safi walijikuta usiku, katikati ya ukungu na theluji, pasipo mazoezi ya kutosha ya kuongoza ndege kwa kutazama ala peke yake. Na katika miezi michache watu zaidi ya kumi wakafa. Ndipo jeshi liliponunua masanduku 6 ya mbao yenye mabawa mafupi, ambayo Edwin Link wa Binghamton, mtoto wa fundi wa vinanda, alikuwa ameyafanya yayumbe na kuinama kwa mivukuto ya vinanda vile vile. Katika Vita Vikuu vya Pili marubani wapatao nusu milioni walifunzwa humo.

Uhalisia pepe, yaani ule ulimwengu wa picha umzungukao mtu avaapo miwani ya kompyuta, ni mrithi halali wa masanduku yale, na fadhila yake ni moja: humpa mwanafunzi wa kazi ya hatari mahali pa kukosea pasipomwagika damu. Majeshi yameitambua fadhila hiyo mapema, kwa kuwa yana mali. Walakini mimi naona hospitali ina haki kubwa zaidi, maana rubani akikosea mazoezini aghalabu hujidhuru nafsi yake, ilhali tabibu mwanafunzi, tangu zama za kale, makosa yake huyabeba mtu mwingine, ambaye mara nyingi ni maskini asiyejua hata kwamba anafanyiwa mazoezi.

Wala hili si jambo la dhana. Mwaka 2002, wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya matabibu wanafunzi 16, waliopewa kazi ya kubandua mfuko wa nyongo kutoka katika ini kwa upasuaji wa matundu madogo: wale waliotanguliza mazoezi ya uhalisia pepe waliimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 29, na wenzao waliofunzwa kwa desturi ya zamani walielekea mara 5 zaidi kuujeruhi mfuko huo au kuunguza nyama isiyohusika.

Kwetu huja hoja ya gharama, nayo ni hoja nzito, lakini haifungi mlango. Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na watafiti wa KEMRI-Wellcome nchini Kenya, wametengeneza mafunzo yaitwayo LIFE, ambayo muuguzi huyafanya kwa simu yake ya mkononi, au kwa miwani ya bei nafuu, akikabiliwa na mtoto mchanga aliyezaliwa asipumue: amkaushe na kumpa joto, aiweke njia ya hewa sawasawa, aanze kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijapita. Akisahau, huambiwa pale pale, hurudia, na hapana mama aliyefiwa.

Hayo hayaondoi mwalimu wala wodi, kwani miwani haifundishi uzito wa mkono wala namna ya kusema na jamaa wa mgonjwa. Nawaomba basi wizara za afya na wakuu wa vyuo vya uuguzi na ukunga, katika bajeti ijayo, waweke sharti kwamba hapana mwanafunzi atakayemgusa mtoto mchanga asiyepumua kabla hajafuzu zoezi hilo, na watenge fedha za simu na miwani zitakazolitimiza.