Masjala ya Kompyuta Yahitaji Karani Mwenye Macho

Mtu apitaye Barabara ya Ngong saa za jioni, hasa hapo karibu na Adams Arcade, hawezi kukosa kuwaona wanafunzi waliovalia sare wakiwa wamejazana katika vibanda vya kuchapisha na kunakili karatasi. Kila mmoja ana flashi shingoni au mfukoni, na ndani ya kijidude hicho kisichozidi kidole gumba umo muhula mzima wa jasho lake. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kibanda kimojawapo, nikingoja kuchapishiwa mtihani wa Kiswahili wa kidato cha pili, nilipomwona msichana mmoja akitokwa na machozi mbele ya kompyuta.

Alikuwa mtahiniwa wa kidato cha nne. Ndani ya flashi yake mlikuwa na mradi wa somo la Kompyuta, yaani ile karatasi ya tatu ya mtihani wa kitaifa ambayo mtahiniwa huishughulikia kwa miezi kadhaa na ambayo haiwezi kurudiwa kwa usiku mmoja. Kabrasha lenye jina la mradi huo lilionekana wazi kwenye kiwambo. Alilibofya, halikufunguka. Akalibofya tena na tena. Kijana aliyekuwa akihudumu akachungulia juu ya bega lake, kisha akatoa hukumu: "Hiyo ni virusi, dadangu. Dawa yake ni kuifomati tu. Shilingi mia moja." Jambo ambalo hakumwambia ni kwamba kuifomati flashi ni kukifuta kila kilichomo, wagonjwa na wazima pamoja.

Nilimwomba binti yule aniazime flashi yake kwa dakika tano.

"Mwalimu, tafadhali usiipoteze," akaniambia, maana alikwisha kunitambua kwa ile bahasha ya mitihani niliyokuwa nimeibana kwapani.

Nilikuwa na kipakatalishi changu kikuukuu kinachotumia mfumo wa Linux, na ndani yake mna programu ya kusimamia faili iitwayo Thunar. Nilipoichomeka flashi, Thunar ilionyesha vitu viwili mahali ambapo kompyuta ya kibandani ilionyesha kimoja. Cha kwanza hakikuwa kabrasha hata kidogo. Kilikuwa programu iliyovaa sura na jina la kabrasha, na mwishoni mwa jina hilo palikuwa na nukta na herufi tatu, .exe, ambazo kompyuta ya kibandani ilikuwa imezificha. Cha pili ndicho kilichokuwa kabrasha halisi. Virusi vilikuwa vimelitia alama ya kufichwa tu, havikuligusa kwa ubaya wowote mwingine. Hifadhidata ilikuwamo, ripoti ilikuwamo, na michoro pia. Kila mara binti alipobofya, alikuwa akikiamsha kirusi chenyewe huku akidhani anaifungua kazi yake.

Sikufanya muujiza wowote, wala mimi si fundi. Nafundisha Kiswahili. Tofauti baina ya kipakatalishi changu na kompyuta ya kibandani ilikuwa moja tu: karani wangu alikuwa anaona, na karani wao alikuwa amefungwa kitambaa machoni.

Nasema karani kwa sababu sijapata mfano ulio bora kuliko ule wa masjala. Waliopata kufanya kazi katika ofisi za serikali za zamani wanajua kwamba karani wa masjala hakuwa mtu mkubwa. Hakuwa na zulia wala katibu. Lakini ndiye aliyejua kila jalada limelala katika rafu gani, limetolewa lini na amelichukua nani. Siku asipofika kazini, hata mkurugenzi hukaa akitazama dirisha. Ndani ya kompyuta kazi hiyo hufanywa na programu inayotuonyesha faili zetu, ikazihamisha, ikazinakili, ikazibadilisha majina na kuzifuta. Ajabu ni kwamba shule zetu hununua kompyuta kwa harambee na ruzuku, wakuu wa idara wakabishana kuhusu ukubwa wa kiwambo na kasi ya mashine, lakini hakuna aulizaye masjala itakuwa mikononi mwa nani. Anayekuja na mashine ndiye anayepokelewa.

Haikuwa hivyo daima. Mwaka wa 1986 ilitoka programu iitwayo Norton Commander, yenye vidirisha viwili vya rangi ya buluu vilivyosimama bega kwa bega. Kidirisha kimoja kilionyesha mahali faili inapotoka na cha pili kikaonyesha inapokwenda. Windows ilipofikia toleo la 3.0 mwaka wa 1990 ilikuwa na File Manager yake, ambayo haikuona haya kuonyesha jina la faili tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha mwaka wa 1995 ikaja Windows 95 pamoja na Explorer, na wenye kuiunda wakaamua kwamba mtumiaji wa kawaida asisumbuliwe na vile viendelezi vya majina. Basi wakavificha. Nia yao huenda ilikuwa njema. Lakini mnamo Mei 2000 kirusi kilichojiita barua ya mapenzi kilienea duniani kwa siku chache tu, na sehemu kubwa ya hila yake ilikuwa hiyo hiyo: jina la faili lilionekana kuishia kwa TXT kana kwamba ni maandishi matupu, ilhali kiendelezi chake halisi kilikuwa kimesitiriwa na kompyuta yenyewe. Miaka mingi imepita tangu hapo, na hadi leo kompyuta mpya ya Windows ikitolewa katika sanduku lake bado huvificha viendelezi hivyo mpaka mwenyewe aamuru vinginevyo.

Watoto tunaowafundisha sasa wana udhaifu ambao sisi hatukuwa nao. Wao wamelelewa na simu. Katika simu, picha hukaa katika picha na wimbo katika nyimbo, na hakuna anayelazimika kujua kwamba kila kitu kina anwani yake. Mwanafunzi wa aina hii akiletwa mbele ya kompyuta ya mezani na kuulizwa, "Umeihifadhi wapi insha yako?" hujibu, "Nimeihifadhi kwa Word." Hilo ni jibu la mtu aliyeulizwa ameliweka wapi daftari akasema ameliweka kwenye kalamu. Nimewaona wanafunzi wakifungua faili iliyotumwa kwa baruapepe, wakaisahihisha kwa saa mbili moja kwa moja kutoka humo, wakabonyeza kitufe cha kuhifadhi kwa utiifu mkubwa, na kesho yake wasiione, kwa kuwa ilikuwa imehifadhiwa katika kabrasha la muda ambalo wao hawakujua hata kama lipo. Sithubutu kuwacheka. Nami nilipoteza alama za darasa zima kwa njia hiyo hiyo, nikalazimika kuwaomba wanafunzi wanirudishie karatasi zao ili nizinakili upya. Wawili walizirudisha zikiwa na alama bora kuliko nilizowapa.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba shule ikitaka kuweka kompyuta katika maabara, au mzazi akimnunulia mwanawe mashine ya mitumba, uchaguzi wa programu ya kusimamia faili ufanywe kwa makusudi. Kwangu mimi ile yenye vidirisha viwili ndiyo inayofaa kufundishia. Sababu yangu kuu ni hii. Katika Explorer, ukiiburuta faili kutoka kabrasha moja hadi jingine ndani ya diski ile ile, inahama, lakini ukiiburuta kutoka diski hadi flashi, inanakiliwa. Kitendo cha mkono ni kimoja, matokeo ni mawili, na sijapata kukutana na mwanafunzi aliyefundishwa kanuni hiyo kabla haijamponza. Programu za ukoo wa Norton Commander hazina kitendawili hicho. Kitufe cha F5 kinanakili na F6 kinahamisha. F7 kinaunda kabrasha jipya na F8 kinafuta. Mwanafunzi anaona kwa macho yake upande wa kushoto unakotoka mzigo na upande wa kulia unakoingia, na kabla ya kung'oa flashi anaweza kulinganisha ukubwa wa faili mbili hizo, baiti kwa baiti.

Katika ukoo huo Total Commander, iliyoanza mwaka wa 1993, ndiyo mashuhuri zaidi. Ila hiyo huuzwa: unaruhusiwa kuijaribu kwa mwezi mmoja, na baada ya hapo kila ukiifungua hukukumbusha kwamba hujalipa. Nawafahamu walimu wanaoendelea kukibonyeza kitufe cha kuliondoa kumbusho hilo miaka nenda miaka rudi, kisha wakaingia darasani kuwahimiza watoto wawe waadilifu. Mimi napendekeza Double Commander, ambayo ni ya bure kwa halali na hufanya kazi katika Windows na katika Linux pia, ili mtoto asibadilishiwe karani kila abadilishapo chumba. Kwa mashine dhaifu zenye kumbukumbu ndogo, Thunar au PCManFM hufunguka upesi, nazo zatosha.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mkongwe ambaye namheshimu, alinipinga vikali nilipotoa rai hii katika chumba cha walimu. Alisema mtoto atakapoajiriwa atakuta Explorer, basi ana faida gani ya kujifunza kitu asichokikuta? Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Hata hivyo, sisi hatufundishi fasihi kwa tamthilia zile tu ambazo mtoto atazikuta ofisini. Aliyeelewa kwamba faili ina jina kamili, ina anwani, ina ukubwa na ina tarehe hatapotea ndani ya Explorer, bali ataiamuru. Ataingia katika mipangilio yake na kuitaka ionyeshe viendelezi na vitu vilivyofichwa, na itatii. Hiyo ni kazi isiyofika hata dakika moja. Atajua pia kwamba faili ifutwayo kutoka kwenye flashi haiendi katika pipa la taka ikamngoja ajute, hiyo imekwenda. Anayejua kubofya picha ya kabrasha peke yake hana la kufanya siku picha hiyo ikimdanganya.

Kuna na suala la majina, ambalo mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita kimya. Neno faili limekwisha kuwa letu. Jalada nalo tunalijua mahakamani na hospitalini. Mimi darasani husema kabrasha, wengine husema folda, na sigombani nao. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kuzungumza Kiswahili, na ikadhihirika kwamba lugha hii ina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Kinachonikera ni mwanafunzi kukariri maneno ya Kiingereza ya kiwambo kama dua asiyoijua maana, hata asiweze kumweleza mama yake ni kitu gani hasa kilichopotea.

Kule kibandani nilimnakilia binti yule kazi yake katika kipakatalishi changu, nikaifuta ile programu yenye kujifanya kabrasha, nikamrudishia flashi ikiwa safi, na nikamshauri nakala ya pili asiiweke kwenye mkoba ule ule. Kompyuta ya kibandani haikuaminika tena, kwa hiyo alichapishia kutoka kwangu. Kurasa zilifika arobaini na mbili. Aliziweka kifuani kama mtoto mchanga, akavuka barabara kukimbilia matatu ya Dagoretti Corner. Yule kijana mhudumu, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akavuta kiti karibu.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hebu nionyeshe hapo pa kuonyesha yale majina marefu. Ninazo mashine sita."

Tuliondoka pale saa mbili usiku. Mtihani wangu wa kidato cha pili nilisahau kuuchukua.