Picha ya mfalme nayo ihojiwe

Wiki iliyopita niliingia darasani na picha niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba mpakani. Imenakiliwa kutoka kitabu cha kale cha Jean Froissart, kilichoandikwa kwa mkono, na inamwonyesha mfalme kijana wa Uingereza, Richard wa Pili, akiwa juu ya farasi. Wanafunzi waliipenda kwa rangi zake. Mmoja akasema: "Mwalimu, hawa ni majeshi mawili."

Kumbe sivyo. Mwaka 1380 Bunge la Uingereza lilipitisha kodi ya kichwa, shilingi 1 kwa kila aliyezidi miaka 15. Mwaka uliofuata wanavijiji waliingia London, kiongozi wao akiwa Wat Tyler. Mfalme, mwenye miaka 14, akawapa hati za uhuru. Tarehe 15 Juni 1381, mbele yake, Meya William Walworth alimpiga Tyler kwa upanga, naye akafa siku hiyo. Wiki chache baadaye zile hati zikafutwa.

Sasa itazameni picha. Mfalme amechorwa mara 2: huku anatazama Tyler akipigwa, kule anawahutubia waasi. Wanavijiji wamevishwa deraya kama askari. Kodi haionekani, wala hati zilizofutwa. Na mchoraji hakuwapo. Alichora Bruges, Ubelgiji ya leo, zaidi ya miaka 75 baada ya tukio, kwa kitabu cha wenye fedha.

Nayasema haya kwa sababu nilisomea ukimbizini, Tanzania. Historia ya kwetu niliipata kwa wazee jioni, kila mzee na yake. Niliporudi nikakuta waliobaki nyumbani nao wana yao. Leo mtoto aliyezaliwa kambini na yule aliyezaliwa hapa wanakaa dawati moja, kila mmoja akiamini picha ya babu yake ndiyo tukio lenyewe. Ugomvi huanzia hapo.

Walimu wenzangu, tusiwakataze watoto picha hizo. Tuwafundishe kuzihoji: nani alichora, lini, kwa ajili ya nani, na nani ameachwa nje?

Nanyi wafanyabiashara mnalijua somo hili kuliko sisi. Hakuna kati yenu anayelipia gunia la maharage kabla ya kutia mkono hadi chini.