Kisanduku Chekundu Kifuani



Kwenye mikutano ya vikundi vyetu swali moja linarudi mara kwa mara: kwa nini kijana anakataa fulana nzuri, nzima, halafu anataka ile yenye kisanduku chekundu kilichoandikwa Supreme kwa herufi nyeupe? Kwenye mitumba fulana mbili zinalala pamoja, kitambaa ni kimoja, lakini yenye jina inaitiwa bei nyingine kabisa. Tumeona vema tueleze jina hilo lilitoka wapi. Ni vigumu kuzungumza na mtoto juu ya kitu anachokijua yeye, nasi hatukijui.

Supreme ilianza mwezi wa 4 mwaka 1994 katika duka moja dogo la barabara ya Lafayette, mjini New York, Marekani. Aliyelifungua ni James Jebbia, mtu aliyekulia Uingereza. Wateja wake wa kwanza walikuwa vijana wa sketibodi, ule ubao mdogo wenye magurudumu manne ambao mtu anasimama juu yake na kuteleza barabarani. Siku zile vijana hao walifukuzwa huku na huku: kwenye viwanja, kwenye ngazi za majumba makubwa, na hata madukani. Jebbia alipanga nguo zote kandokando ya ukuta, akaacha katikati wazi, ili kijana aweze kuingia na ubao wake bila kugombezwa. Waliouza dukani walikuwa vijana wa sketibodi wao wenyewe. Hapo ndipo jina lilipopata nguvu yake. Kuvaa nguo ile kulimaanisha: mimi nina wenzangu, nina mahali pangu.

Kile kisanduku chenyewe kina habari yake. Sura yake ilifuata kazi za mwanamke mmoja msanii wa Marekani, Barbara Kruger, aliyekuwa akiandika maneno meupe juu ya rangi nyekundu. Katika kazi zake aliwachokoza watu wanaodhani kwamba kununua vitu ndiko kuwa mtu. Leo sura ile ile ya kukemea tamaa ya kununua inawapanga watu foleni ili wanunue!

Na foleni hizo hazikuja kwa bahati. Supreme ilizoea kutoa nguo kidogo kidogo, siku ya Alhamisi, na zikiisha zimeisha. Vijana waliamka mapema kusimama mlangoni, na walanguzi nao walijichanganya humo ili wanunue na kuuza tena kwa bei ya juu. Mwaka 2016 ilitoa hata tofali, tofali la kujengea, lenye jina lake. Liliuzwa kwa dola 30 hivi, na walanguzi wakaliuza tena kwa mamia ya dola. Mama yeyote anayeuza sokoni anaelewa jambo hili: bidhaa ikiadimika, bei inapanda. Tofauti ni kwamba hapa mwenye mali ndiye aliyefanya iadimike.

Matajiri walitazama, kisha wakasogea. Mwaka 2000 nyumba ya Louis Vuitton ya Ufaransa iliandikia Supreme barua ya kuikataza kutumia alama zinazofanana na zake. Mwaka 2017 hao hao wawili walitoa nguo na mifuko pamoja, na watu wakapigania kuzipata. Mwaka 2018 Louis Vuitton ilimpa Virgil Abloh kazi ya kuongoza mavazi yake ya wanaume. Yeye hakuwa mtu wa Supreme, lakini alitoka katika mtindo huo huo wa nguo za barabarani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kwa asili kushika kazi hiyo hapo. Wazazi wake walitoka Ghana, na aliyemfundisha kushona ni mama yake, mshonaji. Abloh alifariki mwaka 2021.

Na jina lenyewe? Mwaka 2020 kampuni ya VF ya Marekani ilikubali kulinunua kwa dola bilioni 2,1. Mwaka 2024 ikaliuza kwa bilioni 1,5. Fulana zilibaki fulana. Kilichopungua ni bei ya jina.

Sisi Wakongo hatuwezi kujifanya wageni wa mambo haya. Wasapeuri wetu tangu zamani wanataja jina la aliyeshona koti kabla ya kutaja jina lao. Kwa hiyo tusimcheke mtoto. Anapotaka kisanduku chekundu, mara nyingi anachotaka ni kuhesabiwa kati ya wenzake, sawa na vijana wale wa barabara ya Lafayette. Tumuulize wenzake ni nani, na wanakutana wapi. Jibu lake litatufaa kuliko ugomvi.

Kisha tumwambie ukweli wa pesa. Tukae naye, tugeuze nguo ndani nje, tutazame mshono, tushike kitambaa, tumwonyeshe kipi ni cha nguo na kipi ni cha jina. Tumweleze pia kwamba fulana nyingi zenye kisanduku hicho ni za kuiga, na anayezilipia bei ya jina hapati hata hilo jina. Tuweke bei yake kando ya pesa ya masomo, yeye mwenyewe afanye hesabu. Akiitaka bado, na achangie kwa kazi ya mikono yake.

Vikundi vyenye mashine ya kushona, tunawaomba jambo moja: mkutano ujao waiteni vijana, wavulana kwa wasichana, waje na nguo zao za mitumba, wafundishwe kuzikata upya na kuzitia alama yao wenyewe. Mtuandikie mlivyofanya.