Nyota Zile Si Pambo

Leo sitaandika juu ya uvivu wa wanafunzi wala mapenzi ya shuleni, kwani hayo mmeyasoma hata mkakinai. Nataka tuongee kuhusu kibandiko. Ndiyo, kile kikaratasi chenye nyota kinachobandikwa kwenye friji na viyoyozi madukani, ambacho wengi wetu hukibandua kifaa kinapofika tu nyumbani.

Kwetu ni hapa Milimani. Wenzangu wa Nyalenda hunitania ati sisi hulala kwenye barafu kama samaki wa Dunga. Si kweli, joto la Kisumu halichagui mtaa. Mchana upepo wa ziwa hutusaidia, lakini usiku hugeuka ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kuanzia Januari hadi Machi hata shuka huwa adui.

Mwaka jana dani, yaani mamake baba, aliletwa kwetu kutoka Nyakach kwa matibabu ya presha. Usingizi haukumjia kabisa. Mzee wangu akaenda mjini, akarudi na kiyoyozi cha mtumba huku akijisifu jinsi alivyokipata kwa bei ya kutupa. Wiki ya kwanza dani alilala fofofo. Wiki ya pili tokeni za stima zikaanza kuisha mapema, na usiku mmoja zikaisha saa nane. Nyumba giza totoro, mama anatafuta simu anunue nyingine, dani anapapasa ukuta akielekea msalani. Nusura aanguke.

Baba akaamuru kiyoyozi kizimwe. Dani alipowasikia wakubwa wakizozana kwa ajili yake, aliomba arudishwe Nyakach ya juu, akasema huko kuna baridi ya bure. Akaenda.

Mimi nilibaki na hasira, nikaenda nyuma ya kile kiyoyozi kusoma bamba lake. Hakikuwa na nyota hata moja. Bamba lilisema kina nguvu za kupoza BTU 12,000 kwa saa, na kinatumia wati 1,500. Sasa hapa ndipo nawaomba wale wanaochukia fizikia wasifunue ukurasa. BTU 12,000 kwa saa ni karibu wati 3,500 za kupoza. Gawanya 3,500 kwa 1,500 upate kama 2.3. Maana yake ni kwamba kwa kila wati moja ya stima unayolipia, unapata wati 2.3 za baridi. Hesabu yote ndiyo hiyo! Kiyoyozi chenye 3.5 kingetupa baridi ile ile kwa wati 1,000 tu.

Tuseme kinanguruma saa nane kila usiku bila kupumzika. Chetu kinakula uniti 12, kile kingine uniti 8. Kwa siku thelathini tofauti ni uniti 120. Kumbukeni kwamba viwango vya bei vilivyoanza Aprili 2023 viliweka nyumba zinazotumia uniti 30 au chini kwa mwezi katika daraja la bei nafuu. Kwa hiyo stima tuliyoipoteza bure ingetosha nyumba nne za daraja hilo, na sisi tulikuwa tukiilipia kwa bei ya juu.

Nyota basi ni nini? Ni hesabu hiyo uliyofanyiwa tayari. Kanuni za kawi za mwaka 2016 zilileta lebo hizi nchini Kenya, nyota moja hadi tano, na nyota zikiwa nyingi stima huliwa kidogo. Lakini angalia usije ukalinganisha kiyoyozi kikubwa na kidogo kwa nyota peke yake. Kikubwa chenye nyota tano chaweza kula zaidi ya kidogo chenye tatu. Tena kikubwa kupita kiasi katika chumba kidogo huwaka na kuzima ovyo, kabla hakijaondoa unyevu hewani, na sisi watu wa kando ya ziwa unyevu ndio unaotutesa.

Najua mtaniambia vyenye nyota nyingi ni ghali. Ni kweli, siwezi kubisha. Lakini baba alilipa bei mara mbili, dukani mara moja na kwenye simu kila wiki. Ninaowalaumu zaidi ni wauzaji. Yule aliyemuuzia hakumwambia lolote ila "mzee, hii ni original." Kwa maoni yangu mwenye duka asiyeweza kuonyesha lebo asiruhusiwe kuuza, kiwe kipya au mtumba. Na walimu wetu wa fizikia, kwa heshima zote, mbona tunahesabu umeme wa balbu za kwenye kitabu kila muhula na hatujaletewa bamba hata moja la kifaa halisi darasani?

Kiyoyozi chetu sasa kimefunikwa gunia stoo. Baba amekubali niandamane naye dukani likizo ya Disemba, na nimeandika maswali yangu kwenye karatasi: kinapoza kiasi gani, kinakula wati ngapi, nyota ziko wapi. Dani nilimpigia simu nikamweleza. Alicheka, akauliza kama hizo nyota huonekana hata tokeni zikiisha.