Namba ya Hatari Isizuiwe Ofisini



Wengi wetu twadhani simu ya ofisi ni jambo la makarani. Lakini usiku makarani wamekwenda zao, na wanaobaki na simu ile ni askari wa zamu na mashanta.

Usiku mmoja mwenzetu alibanwa mkono kati ya mabehewa. Askari alikimbilia simu ya ofisi akapiga 999. Kimya. Akapiga tena, kimya. Msaada ulikuja kwa simu ya mkononi ya mtu mwingine, kwa pesa zake. Asubuhi ikasemwa kwamba askari hajui kutumia simu. Tulimwendea fundi, naye alitueleza bila kuficha.

Mashine ya simu hufuata yale iliyopangiwa tu. Pale imepangwa kwamba anayetaka laini ya nje aanze na 9. Basi ukipiga 999, mashine huichukua 9 ya kwanza kuwa ni ya kuomba laini, na nje zinatoka 99 tu. Huko wanangoja tarakimu ya tatu, nayo haiji. Ilimpasa askari apige 9999, na hakuna aliyemwambia. Tukajaribu 112, ambayo nayo ni namba ya hatari hapa Kenya. Ikalia mezani kwa karani wa stoo, maana ndiyo namba yake ya ndani! Na simu ya langoni imefungwa isitoke nje kabisa, ati kupunguza gharama. Kufunga simu za ng'ambo hatukatai, bili ni bili. Lakini kumfungia mtu polisi?

Jambo hili limekwisha kuua. Desemba 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, huko Marekani, mama aliuawa huku binti yake wa miaka 9 akipiga 911 tena na tena. Simu haikutoka, kwa kuwa ilitakiwa 9 kwanza. Baba wa marehemu alipigania jambo hilo mpaka ikapitishwa Sheria ya Kari mwaka 2018. Tangu Februari 2020 kila mashine mpya huko sharti ipeleke 911 moja kwa moja, na iarifu ofisini kwamba simu hiyo imepigwa.

Halmashauri yetu itamwona tajiri na kutaka hivi: 999 na 112 zitoke katika kila simu, iwe na 9 mbele au bila 9, hata simu iliyofungwa, karani wa stoo apewe namba nyingine, na mtu akipiga namba ya hatari, kengele ilie langoni ili askari ajue afungue lango. Fundi asema hakuna cha kununua, ni kubadili mpango tu.

Kila tawi liandike simu zake ziko wapi na zinatokaje nje. Msijaribu 999 kabla ya kuwaarifu polisi. Karatasi zipelekwe kwa katibu kabla ya mkutano.