Msomi Hachagui Kazi

Mahafali yakiisha, wazee wa barazani Kilindoni, Mafia, na wakubwa wa majukwaani Dodoma huafikiana jambo moja: vijana wa chuo wanachagua kazi. Nasema huo ni uzushi, tena wa kivivu.

Wasomi waliochagua kazi walikuwapo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulitumikia taifa miaka miwili baada ya masomo, sehemu kubwa kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, zaidi ya 300. Lakini wale nafasi zilikuwa zikiwasubiri. Ugomvi wao ulikuwa ukubwa wa mshahara. Huyu wa leo agombane na nani?

Tazama Shungimbili, kisiwa cha hekta 8 hivi katika wilaya ya Mafia. Mwaka 2007 kilitangazwa hifadhi ya bahari. Mwaka 2016 ikafunguliwa nyumba ya kifahari ya Thanda, na kisiwa kizima hukodishwa kwa kundi moja la wageni, kwa maelfu ya dola kwa usiku. Kijiji hakuna. Mhitimu wa sayansi za bahari akipiga hesabu ataona askari wa hifadhi, nahodha, mpishi, mzamiaji, basi. Achague nini hapo?

Kwa hiyo hushika kinachoshikika. Oktoba hadi Machi papa potwe husogea karibu na Kilindoni, naye huingia majini na watalii. Msimu ukifunga hufundisha hesabu kwa kujitolea shule ya kata, akipewa nauli pale inapopatikana. Jioni hubeba abiria kwa bodaboda ya mjomba. Usiku huwajazia wenzake maombi ya ajira mtandaoni kwa simu yake, la kwake likiwa la mwisho. Muulize mama yake kijana anafanya nini, atakujibu, "Yupo yupo tu."

Yupo yupo! Mvuvi wa dagaa anayetegemea taa akifunga chombo siku za mbalamwezi, nani humwita mkosa kazi? Watu wote hungoja giza pamoja naye. Kazi za bahari tangu hapo ni za misimu, na nyumba za Mafia zimejengwa kwa kazi hizo. Aliyevaa joho tu ndiye asiyehesabiwa.

Sisifu dhiki. Wanaohubiri "jiajirini" wana mishahara ya kila mwezi, na mwalimu wa kujitolea bila mkataba mwaka baada ya mwaka ni kibarua wa bure, hata tukimpamba kwa jina la uzalendo.

Tena uzushi huu una gharama. Sheria ya mikopo ya elimu ya juu imeandikwa kana kwamba kila kipato kina tarehe: mwenye mwajiri hukatwa asilimia 15 ya mshahara; asiye naye hudaiwa asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, au shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwezi! Kusi likivuma, papa hayuko karibu, mtalii hayupo, laki ipo pale pale. Mbona mkulima wa korosho wa Mkuranga hukatwa deni la chama chake cha msingi korosho zikishauzwa, si wakati bado anapulizia dawa mikorosho? Bodi ya Mikopo haihitaji kamati kulielewa hilo. Inahitaji kwanza kukubali kwamba yule kijana wa majini anafanya kazi.